Salamu za Lameki Kutoka Ugiriki

Mjomba wangu Mazoya alinunua baiskeli kabla hajajua kuipanda. Hii ni habari ya zamani sana, mimi nikiwa sijaanza hata shule, na haihusiani na safari ninayotaka kuwasimulia, lakini kila nikitaka kuanza na safari najikuta nimeanza na baiskeli, kwa hiyo tuvumiliane. Aliuza mafahali wawili mnadani, akarudi kutoka mjini akiisukuma, mwendo wa siku mbili. Kesho yake akaenda nayo kisimani, anaisukuma. Jumapili akaenda nayo kanisani, anaisukuma, akaiingiza mpaka ndani akaiegemeza ukutani karibu na wanakwaya. Miaka miwili aliisukuma. Hakuna aliyethubutu kumuuliza maana alikuwa mtu wa hasira. Siku mtani wake mmoja alipomuuliza, "Mazoya, na wewe itakubeba lini?" alimfukuza mpaka ng'ambo ya korongo, na huko kote alikokuwa anamfukuza alikuwa bado anaisukuma.

Kazi ya kuipangusa ile baiskeli na kuziba pancha ilikuwa yangu. Mtadhani gurudumu lisilobeba mtu halipati pancha. Miiba ya kwetu haiangalii hayo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye kuziba nilihitimu. Kutoka kuziba nikaingia dinamo, kutoka dinamo nikaingia nyaya, kutoka nyaya nikaingia redio. Ile miaka ya ruksa ilipofika, serikali imelegeza biashara, mtu ambaye juzi alikuwa anapanga foleni ya sabuni leo anapita na redio kaseti begani, mimi nilikuwa tayari na kibanda changu Chang'ombe, ile ya Dodoma mjini, na bisibisi tatu, na mke ambaye baadaye aliondoka na fundi cherehani wa jirani. Redio za wakati ule zilikuwa zinaimba vizuri lakini vumbi la Dodoma zilikuwa haziliwezi. Nilikula kwa sababu ya vumbi.

Hapo kibandani ndipo Mheshimiwa Sechelela aliponikuta.

Nilimfahamu kabla hajawa mheshimiwa. Alikuwa karani wa posta, dirisha la barua za nje. Alijua mtoto wa nani anaandika kwao, wa nani ameacha, na wa nani anaandika akiwa na shida tu. Mzee akija kuulizia barua ambayo haipo, makarani wengine walisema hakuna, wakamwita anayefuata. Yeye alitoka nyuma ya kaunta, akakaa na mzee kwenye benchi, akamwambia labda Ijumaa. Watu wakampenda kwa ile labda Ijumaa yake. Kina mama wakamwambia agombee viti maalum, akagombea, akapata. Bungeni wenzake waliuliza habari za mabwawa, yeye akauliza habari za Watanzania walio nje: wako wapi, wanaishije, na mama zao wanapataje habari zao. Siku hizi jambo hilo linaitwa diaspora, lina idara na lina semina zenye chai na sambusa. Wakati ule lilikuwa kichekesho. Walimwita Mbunge wa Ulaya.

Kazi yake aliifanya kwa kaseti. Wazee wengi hawakujua kuandika, basi alikwenda vijijini na redio, akawarekodi, kaseti zikapelekwa na mabaharia na masista na wanafunzi waliopata nafasi za masomo. Ikatokea taabu moja. Kaseti ilikuwa ya dakika sitini, na Mgogo wa vijijini akikusalimia anakuuliza wewe, watoto, wagonjwa, ng'ombe, ndama, mvua, shamba, jirani, na jirani wa jirani. Upande wa kwanza ukaisha ni salamu, upande wa pili ukaisha ni salamu, na jambo lenyewe likabaki mdomoni. Watoto wakaandika kutoka huko nje kulalamika. Mheshimiwa akawajibu wote kwa barua moja: kwenye kaseti wanazorudisha nyumbani mtu yeyote asisalimie, aanze na jambo.

Mimi niliona ni akili. Nasema wazi, nisije nikajifanya nilijua.

Sasa, kina mama wa mkoa walikuwa wamebakiza siku tisa wapige kura, nani arudi kwenye viti maalum. Mpinzani wa Mheshimiwa alikuwa Bi. Eunisi, mwanamke mwenye mashine ya kusaga na sauti inayolingana na mashine. Alikuwa anapita anasema, "Sechelela anatumikia watu wasiopiga kura. Aende akachaguliwe hukohuko Ulaya." Watu wakacheka, na neno likishachekesha limeshakaa. Hesabu za Mheshimiwa zilionyesha kwamba bila wajumbe wa upande wa Ng'hinyila amekwisha, anarudi kubandika stempu. Na wajumbe wa Ng'hinyila walikuwa wanapiga kura anavyopiga mwenyekiti wao, Mama Lameki. Huyu mama mtoto wake wa pekee, Lameki, alizamia meli Dar es Salaam na hakusikika kwa miaka tisa. Mheshimiwa alikuwa amempata. Alikuwa Ugiriki, anapakia makasha bandarini, mzima wa afya, na kaseti yake ilikuwa mkononi.

"Fundi," aliniambia, "redio yangu inatafuna kaseti. Hii ikitafunwa, mimi na wewe tutakuwa wote mafundi redio. Twende wote."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Dodoma na Land Rover yake ya zamani. Aliendesha mwenyewe, viatu kavua, kanga kafunga kiunoni. Mimi nilikaa na redio mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa kuazimwa.

Saa mbili tulikuwa Buigiri. Hapo tulikuwa na kaseti ya Mzee Yeremia, ambaye alisoma shule ya wasioona ya hapo na akabaki kijijini kusuka viti. Binti yake alikuwa muuguzi Uingereza. Tulimkuta kazini uani, vidole vinakwenda vyenyewe. Nikabonyeza. Sauti ya binti ikatoka: "Baba, nimehama nyumba, anwani mpya ni hii." Vidole vya mzee vikasimama.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, baba," akasema Mheshimiwa. "Ni mtoto wako anatoa anwani."

"Mbona hakusalimu?"

Mheshimiwa akamweleza habari ya dakika sitini. Mzee akacheka mpaka akaweka kiti chini. "Mimi nimekaa na wamisheni," akasema, "watu wa kuingia mlangoni na jambo mkononi, kwa hiyo nimezoea. Lakini kama mnakwenda huko ndani na kaseti ya namna hii, mwanangu, rudini kwanza mkaitafutie salamu."

Garini Mheshimiwa aliniambia, "Wazee wa Buigiri kwa utani hawana mfano." Nikasema kweli, Mheshimiwa. Sikuwa nafikiri sana, nilikuwa bado nasikia utamu wa chai ya mzee.

Saa nne tuliacha barabara kubwa, tukashika njia ya mchanga. Ilikuwa majira ya kuvuna mtama, kila kichwa cha mwanamke kina mzigo. Kwenye korongo la pili gari lilizama mpaka ekseli. Mheshimiwa akashuka, akachimba kwa mikono, na wanawake watano waliokuwa wanapita wakatua mizigo waje kusukuma. Hawakujua kama ni mbunge. Mmoja akanitazama, bado nimekaa na redio yangu ndani, akawaambia wenzake, "Mwanamke anachimba, mwanamume analea redio. Ruksa imetufikia na huku." Nikashuka nikasukuma kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa na redio, na agizo lilikuwa nisiiachie.

Saa saba mchana tulifika Ng'hinyila. Nyumba ya Mama Lameki ilikuwa tembe kubwa, paa lake la udongo limeanza kubonyea pembeni. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetazama watu kama anapima kitambaa. Tulisalimiana. Ilichukua muda, na mimi ndani ya moyo nikaona kweli hii isingeenea kwenye kaseti. Kisha Mheshimiwa akamwambia, taratibu, kwamba Lameki amepatikana.

Mama Lameki aliinuka. Aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani, akaketi. Kaka yake, Mzee Chiloleti, akaitwa, majirani wakajaa uani. Mheshimiwa akanitazama kwa jicho la kusema sasa, fundi.

Nikabonyeza. Kaseti ikakwaruza kidogo, halafu sauti ya mwanamume: "Mama, mimi Lameki. Yule ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe, uzao wake msiuuze. Na lile shamba la korongoni apewe mjomba alime."

Mama Lameki akaweka mikono kichwani. Hakupiga kelele, aliinama tu, polepole, mpaka paji la uso likagusa magoti. Nyuma yetu mwanamke mmoja akaanza kulia, akadakwa na wa pili, na kabla sijapata kitufe cha kuzima uani kote kulikuwa na msiba.

"Jamani, mzima huyu," Mheshimiwa anasema. "Mnamsikia mwenyewe anaongea."

Mzee Chiloleti alimjibu kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni. "Mheshimiwa, mtoto aliyepotea miaka tisa anaanza na ng'ombe? Hakumuuliza mama yake kaamkaje? Anayegawa mali bila salamu huyo anaaga. Hayo ni maneno ya kitandani."

"Lakini mzee, sauti hiyo."

"Sauti," akasema mzee. "Yule mwimbaji anayepigwa redioni kila Jumamosi tulitangaziwa msiba wake mwaka jana. Juzi nimemsikia, anaimba tu."

Mheshimiwa akanigeukia. Nikamwambia kwa upande wa redio mzee ana haki.

Saa tisa msiba ulikuwa umekamilika. Wanaume nje, wanawake ndani, moto umewashwa, watu wanaingia na unga na kuni. Mheshimiwa alikuwa anapita kwa mmoja mmoja na bahasha ya Lameki yenye stempu ya Ugiriki, anawaonyesha muhuri, tarehe ya juzijuzi. Watu wanaushika muhuri, wanatikisa kichwa, wanampa pole. Mimi niliketi na wanaume. Nilichangia kuni, maana nisingechangia ningeonekana mtu wa ajabu.

Saa kumi lori la mashine ya kusaga likaingia. Bi. Eunisi akashuka na kanga nyeusi, mfuko wa sukari kichwani mwa mtu wake, machozi tayari. Namna alivyopata habari sijui mpaka leo. Alimkumbatia Mama Lameki, kisha akasimama katikati ya uani akasema, "Ndiyo haya nilikuwa nawaambia, mama zangu. Wanapelekwa nje, wanarudishwa kwenye kaseti."

Nilimtazama Mheshimiwa. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, miguu bila viatu, bahasha mkononi. Mtu akishindwa mabega yanakuwa mafupi. Nilimwona amekuwa yule wa dirisha la posta.

Basi nikasema jambo ambalo hakuna aliyeniomba niseme. Nilimwinamia Mzee Chiloleti nikamuuliza, "Mzee, kama Lameki angekuwa amemtuma mtu, yule mtu akasahau salamu akazikumbuka baadaye, zingekuwa zimekufa?"

Mzee akafikiri. "Hapana. Salamu haiozi. Ila lazima itoke kwenye mdomo, na mdomo ukae mahali pake."

"Mahali gani?"

"Kwenye kigoda cha mtoto."

Mheshimiwa alikuwa amesikia. Akasimama. "Mdomo huu hapa," akasema, akaninyooshea kidole mimi. "Lameki alimtuma huyu. Salamu anazo, alisahau kuzitoa, mnajua mafundi."

Kigoda cha Lameki kikaletwa kutoka ndani, kina vumbi la miaka tisa. Nikaketi. Redio nikaiweka miguuni. Mama Lameki akatolewa nje akawekwa mbele yangu, na uani kote pakanyamaza hata Bi. Eunisi hakupata pa kuingiza neno.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi Lameki."

Alinitazama kwa muda mrefu sana.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umeamkaje huko?"

"Salama, mama."

"Ng'ombe wa huko hawajambo?"

Mimi Ugiriki sijui hata iko upande gani wa bahari. "Hawajambo," nikasema.

"Ndama?"

"Wawili."

"Dume na jike?"

"Majike wote, mama."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Akaniuliza mvua, nikasema zilichelewa lakini zikaja. Akaniuliza mtama wa huko, nikasema ndege walitusumbua. Akaniuliza majirani, ikabidi niwape majina, nikawapa majina ya watu wa Chang'ombe, na kwa makosa nikamtaja na fundi cherehani, nikasema amekufa. Tulikwenda hivyo kwa zaidi ya nusu saa. Mzee Chiloleti alipoitikia kwa kichwa kwamba zimetimia, nikabonyeza, na Lameki mwenyewe akasema tena kwa sauti yake: yule ng'ombe mwekundu uzao wake msiuuze. Safari hii Mama Lameki akaijibu redio kabisa. "Hatujauza," akasema. "Wamefika wanne."

Upande ule wa kaseti uliendelea, mtoto akaeleza kazi yake na baridi na chumba anachokaa na wenzake sita, na mama akamsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayeongea na mtoto, si na marehemu. Unga wa msiba ukapikwa ugali, ukaliwa na mlenda. Sukari ya Bi. Eunisi ikaingia kwenye chai. Mwenyewe alikunywa kikombe kimoja, akapanda lori.

Jua likikaribia kuzama nikabeba redio kwenda garini. Mzee Chiloleti akanishika mkono. Mtoto aliyesalimiwa nyumbani kwao haondoki siku ileile, akaniambia. Haiwezekani.

Nikamtazama Mheshimiwa anitetee. Akanivuta pembeni. "Siku nane tu, fundi. Mpaka kura ipite. Ukiondoka leo wataanza kulia tena, na mimi ndiyo nimekwisha. Kibanda chako nitakilinda." Gari likawaka. Redio aliniachia.

Siku zilizofuata nilivuna mtama. Nilipanda juu ya paa la tembe nikatoa udongo mbovu nikaweka mwingine, mgongo wangu unalia kwa sababu ya kuzoea bisibisi. Niliwapeleka wale ng'ombe wanne majini. Na kila jioni kabla ya kula Mama Lameki alinikalisha kwenye kigoda akanigombeza. Alinigombeza kwa kuuza mbuzi wa shangazi ili nipate nauli ya Dar es Salaam. Alinigombeza kwa kutoaga. Aligombeza vizuri, kwa mpangilio, hakurudia kosa moja siku mbili.

Siku ya tatu nilimwambia, "Mama, mimi ni Chilewa. Fundi redio wa Chang'ombe."

"Najua," akasema. "Unafikiri nimezeeka kiasi hicho? Lakini maneno haya nimekaa nayo miaka tisa, mwanangu, na yanataka masikio. Kaa vizuri. Tulikuwa tumefika kwenye mbuzi."

Nikakaa vizuri. Nitasema na hili, kwa kuwa naandika mwenyewe na hakuna wa kunikataza: kuna siku nilijibu. Aliniuliza kwa nini sikuandika hata barua moja, nikajikuta nasema, "Mama, kila mwaka nilingoja nipate kitu cha kuandika kwamba nimekipata." Akanipakulia. Kuanzia jioni hiyo hakunigombeza tena, akawa ananisimulia tu.

Siku ya nane lori lilikuja kuwachukua wajumbe kwenda Dodoma kupiga kura. Mama Lameki aliondoka na gauni la kanisani. Mimi nilibaki na ng'ombe. Kesho yake alasiri nikawasikia kutoka mbali wanarudi wanaimba, na vigelegele, nikajua Mheshimiwa ameshinda. Nilifurahi kweli. Nikaanza kufunga bisibisi zangu kwenye kitambaa.

Lori liliposimama ndipo nilipousikia wimbo wenyewe. Walikuwa wanaimba kwamba Sechelela ameleta mtoto, na mtoto hatoki mpaka mwenzake arudi.

Mjumbe mmoja, yule aliyesema nalea redio kule korongoni, akanisimulia mambo ya ukumbini. Bi. Eunisi alisimama akasema kaseti haivuni mtama. Mama Lameki akasimama akasema, "Yangu inavuna." Ukumbi ukalipuka. Na Mheshimiwa, katika kushukuru, akapanda jukwaani akaahidi mbele ya kina mama wa mkoa mzima kwamba yule fundi atakaa Ng'hinyila mpaka siku Lameki atakaposhuka kwenye ndege.

"Na wewe ulikubali," mjumbe akaniambia. "Tumeambiwa ulikubali."

Siku ya kumi na nne Mheshimiwa alikuja mwenyewe, na betri mpya sita na shati la mtumba zuri sana. Alikuwa amenawiri. Alinieleza kwamba vijiji vinne vimeomba vipewe watu wa namna yangu, na kwamba Dar es Salaam wameanza kumsikiliza habari za walio nje, wanasema ana mbinu. "Una kipaji, fundi," akaniambia.

"Mheshimiwa, nina kibanda."

"Kibanda nimempa mtu akitunze. Vumilia kidogo. Lameki nimemwandikia, amesema labda mwakani."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anadanganya. Alilisema kama alivyokuwa anawaambia wazee kwenye benchi la posta, kwa huruma ileile, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye benchi.

Niwaambie mapema mambo yake yalivyokwenda, maana huko mbele sitapata nafasi. Alipanda cheo. Alifika Dar es Salaam, akapewa meza ya mambo ya walio nje, akasafiri mpaka huko Ugiriki na kwingine, akawa anatoka kwenye televisheni na miwani. Kaseti zikaja zikapitwa, simu zikaingia mifukoni, na bado wazee wa Dodoma wakitaja mtu aliyekumbuka watoto wao humtaja yeye. Naona alistahili. Mtu anaweza kukutendea vibaya akiwa katikati ya kazi nzuri, na kazi ikabaki nzuri. Hilo nililijua kwenye safari hii, na jingine nililolijua ni kwamba zile salamu zetu ndefu hazipotezi muda. Mtu akishakuuliza habari za ndama wawili ambao hawapo, nawe ukamjibu, mmeshafungwa pamoja, na kufungua ni kazi.

Siku ya kumi na tisa Mama Lameki aliamka na furaha. Alikuwa amekwenda kuongea na watu wa kitongoji cha pili kuhusu binti yao mmoja, mjane, mpole, anayejua kusuka vikapu. Aliniambia hivyo huku anapepeta mtama. Hakuniita Chilewa, hakuniita Lameki, aliniita mwanangu.

Nilikuwa juu ya paa namalizia pembe ya mwisho. Nikashuka. Nikanawa mikono. Redio niliiacha ilipokuwa, na bisibisi pia niliziacha, maana mtu anayebeba bisibisi anaulizwa.

"Mama," nikasema, "chumvi imekwisha. Nakwenda dukani."

Alitazama jua. "Nenda na njia ya juu, ya chini ina mchanga. Utarudi kabla ya kula?"

"Sasa hivi tu, mama."

"Leta na kiberiti," akasema.

Nikasema ndiyo, mama. Nikapita duka, nikapita korongo la kwanza na la pili. Saa nane usiku nikatokea barabara kubwa. Chang'ombe wangenifuata; lori la kwenda Singida likasimama, dereva akaniuliza mzigo wangu uko wapi. Nikamwambia sina mzigo, nikapanda.